Anwani Isiyo na Chumvi

Ujumbe uliingia Bi Fundi akiwa ameuma pini mdomoni, na ni bahati tu hakuzimeza.

Alikuwa kwenye cherehani chake, katika chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa sebule na sasa kimetekwa na magauni, akipunguza kiuno cha gauni la harusi la binti mmoja aliyekonda kwa mawazo. Simu ikatetema juu ya meza ya kukatia. Akaivuta kwa kidole. Picha: ua la okidi, jeupe, mkia wake mrefu umening'inia, petali zimekaza kama kitambaa kilichotiwa wanga. Aliyetuma ni mumewe, kwenye kundi la wenzake ambamo hata yeye Bi Fundi alikuwamo. Chini ya picha kulikuwa na maneno machache:

"Yuko juu ya tangi la maji, kiwanda cha mbao cha zamani."

Basi. Nukta.

Bi Fundi alitazama ua akatabasamu. Akasoma maneno, tabasamu likamwanguka. Akasoma tena. Kisha akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, akakaa wima kama mtu aliyeambiwa akae kwanza ndipo aelezwe.

Sasa, usimwone mwoga. Ili ujue kwa nini sentensi fupi kama ile ilimtoa jasho mtu mzima, ni lazima umjue mwandishi wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu, na mji mzima ulimwita Chumvi, wala si kwa sababu aliwahi kubeba chumvi. Huyu bwana hakuweza kukuambia mvua inanyesha bila kuongeza kwamba tone moja limeangusha mbuzi. Aliapa mbele za watu kwamba lori lake lilipokatika breki mteremkoni, alilisimulia hadithi mpaka likasinzia, likasimama lenyewe. Mkewe alikuwa amezoea. Akitaka kujua ukweli wa jambo, alichukua maneno ya mumewe, akatoa mnyama, akatoa mtu mkubwa wa serikali, akagawa kilichobaki kwa nusu.

Alipostaafu, Chumvi alijiunga na kundi la watu wanaotafuta okidi za porini. Hawakuwa wataalamu. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, wakimwita Meno. Mwingine alikuwa na studio ya picha za vitambulisho na pasipoti, huyo wakamwita Pasipoti. Waliobaki walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, wa buti na chupa ya chai, wanaoamka alfajiri siku ya mapumziko kwenda kuchungulia matawi ya miti ya watu. Wakiona okidi wanampima, wanampiga picha, kisha wanaweka picha kwenye ukurasa wao ambako watu maelfu huitazama. Okidi walimwita mwali, kwa kuwa mwali hufichwa.

Na kweli walimficha. Walipoanza walikuwa wanaandika mahali penyewe, waziwazi, kama watu waliolelewa vizuri. Hawakuchukua muda wakarudi na kukuta miti imechunwa magome, na maua yao yanauzwa barabarani kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Meno alilia kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. Tangu siku hiyo wakaweka kanuni: picha ni ya kweli, anwani ni ya uongo. Mahali palipoandikwa ndipo mahali pekee duniani ambapo ua halipo.

Wengine walidanganya kivivu: "nyuma ya kituo cha mafuta", "karibu na daraja". Lakini Chumvi! Kwa Chumvi kanuni hiyo ilikuwa kama kumpa fisi kazi ya kulinda bucha. "Mwali yuko kwa mjomba wake mamba, kata kushoto kwenye kaburi la jogoo, ukimkuta mkuu wa mkoa anaoga, subiri amalize." Kuna watu walifuata ukurasa ule kwa ajili ya anwani tu, maua hawakuyajali hata kidogo.

Ndiyo maana Bi Fundi aliingiwa na hofu. Tangi la maji, kiwanda cha mbao cha zamani. Mamba yuko wapi? Mjomba yuko wapi? Katika ndoa yao yote alikuwa amemsikia mume huyu akitoa sentensi uchi namna ile mara moja tu, siku alipoingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake na kusema, "Mama amefariki."

Akapiga simu. Sauti ya yule dada wa kwenye mitambo ikamwambia kwa adabu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena. Dada akarudia, hajakasirika hata.

Bi Fundi akainuka. Koti la mvua la Chumvi lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Dawa zake za presha zilikuwa kando ya bilauri, za asubuhi ile, hazijaguswa. Nje, wingu lilikuwa limekaa juu ya mapaa, jeusi, zito, limekunja uso kama mkaguzi. Na ndani ya simu kundi lilikuwa linacheka.

"Chumvi umeishiwa?" Meno aliandika. "Anwani kavu kama koo la mgonjwa wangu."

"Hata mamba mmoja wa kuazima?" Pasipoti akauliza.

Bi Fundi aliandika: "Hapatikani. Naogopa."

Hazikupita dakika, Meno akapiga.

"Shemeji, tulia. Mwali wa sura ile hupenda ukungu. Atakuwa kwenye miamba ya maporomoko. Mzee ameenda kule, na kule mtandao hakuna. Mimi na Pasipoti na wengine tunatoka sasa hivi kumfuata, kabla mvua haijashika."

"Mbona ameandika kiwandani?"

"Shemeji! Akiandika kiwandani, maana yake kiwandani hayupo. Hapo ndipo pa kwanza kupafuta kwenye orodha."

"Na kama safari hii amesema kweli?"

Meno akacheka. Hakuwa mtu mbaya, kicheko kilimtoka tu kama kikohozi. "Chumvi? Kweli?"

Kicheko kile kilimwingia Bi Fundi mgongoni kama maji ya barafu. Alielewa kwamba kundi zima, watu wanaompenda mumewe, watazunguka milima yote na mabonde yote, na mahali pamoja tu hawatakanyaga.

Akapiga kituo cha zimamoto. Alitaja jina la utani la mumewe, na hapo akajua amekosea. Mwaka uliopita Chumvi alikuwa ameandika kwamba chatu amemmeza kuanzia kitovuni kwenda chini, na anaomba msumeno. Watu wema wakamhurumia, zimamoto wakaja na ving'ora, wakamkuta chini ya mti anatafuna biskuti.

"Mama," alisema askari wa zamu, kwa upole, "mwambie chatu tunamsalimu."

"Mwanangu, sikudanganyi, safari hii—"

"Tukipata gari litapita, mama." Simu ikakatwa.

Hofu ikikuzidi, mwisho wake unaishia mlangoni kwa mtu ambaye hutaki akuone ukilia. Bi Fundi alikimbia na kandambili, mkasi wa kukatia nguo ukiwa bado mfukoni mwa aproni, mpaka dukani kwa wifi yake. Wifi huyu, dada mdogo wa Chumvi, aliuza rangi na kukodisha ngazi kwa mafundi. Yeye na Bi Fundi walikuwa hawajawahi kusalimiana bila kuumana kidogo.

"Wifi, funga duka."

"Nifunge duka? Umeshakuwa mtu wa kodi?"

"Kaka yako."

"Kamezwa na nini leo?"

Bi Fundi alimpa simu. Wifi akasoma huku midomo inacheza. Akasoma tena. Akaishusha simu polepole, akaanza kufungua kamba za aproni yake.

"Haya ameandika kaka?"

"Ndiyo."

"Humu hamna hata mnyama."

"Hamna."

"Ngazi ndefu au fupi?" aliuliza Wifi.

"Zote. Na kamba."

Njiani mvua ikaanza, na haikuanza kwa salamu. Iliangukia kigari cha kubebea rangi kama watu wanamwaga kokoto. Wifi aliendesha kifua kimegusa usukani. Ngazi juu ya paa zilikuwa zinagongana, na makopo nyuma yanabingirika.

"Nikimkuta anatafuna biskuti," Wifi alisema, "namtupa ndani ya hilo tangi mwenyewe."

"Nitakushikia miguu yake."

"Wewe tangu lini ukanisaidia kitu?"

Hapakuwa na aliyecheka. Walitaniana kama mtu anayepiga mluzi akipita makaburini.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu watu wazima wa leo walipokuwa shuleni. Mnyororo wa geti ulikuwapo, ila ukuta wa pembeni ulikuwa umelala chini, na gari likapita juu yake. Ndani, mapagale ya mabati yaliyotoboka. Misumeno mikubwa ya duara ilikuwa imesimama kwenye vitako vyake, myekundu kwa kutu, na maji yalikuwa yanatiririka kwenye meno yake, ungedhani inatema mate. Maranda ya mbao ya zamani yalikuwa yameoza yakawa tope jeusi linalonyonya mguu na kuugandia. Mbwa mmoja alitoka chini ya mashine, akawatazama, akarudi. Hakubweka. Bi Fundi angependa sana abweke.

"Mzee!" akaita. Mvua juu ya mabati ililimeza neno kabla halijafika popote. "Baba watoto!"

Tangi lilikuwa nyuma, la zege, duara, limepita kimo cha nyumba, limevaa kuvumwani, utando wa kijani, shingo nzima. Ngazi ya chuma iliyojengewa ukutani ilipanda mpaka nusu. Nusu ya juu ilikuwa imeng'oka na kuning'inia kwenye skrubu moja, inacheza na upepo, kriii, kriii. Chini yake, kwenye tope, kulikuwa na mkoba wa turubai wa Chumvi.

Na kiatu kimoja.

Wifi akakiokota, akakigeuza, maji yakamwagika. Akakishika kifuani kama mtoto. Katika miaka yote hiyo Bi Fundi hakuwa amewahi kumwona wifi yake akikosa neno.

Ndipo wakasikia sauti nyingine. Mfereji wa paa la kiwanda, ule mkubwa unaokusanya maji ya mabati yote, ulikuwa unapita juu na kumwagia ndani ya tangi. Maji yalikuwa yanaingia mazima mazima, yanaunguruma, na ndani kulikuwa kunajibu mwangwi mzito. Ule haukuwa mwangwi wa tangi tupu.

Bi Fundi akabandika sikio kwenye zege. Baridi ikampiga mpaka kwenye jino. Akatoa mkasi, akagonga. Akasikiliza. Mngurumo tu. Akagonga tena, kwa nguvu, ncha ya mkasi ikapinda. Moyo wake ulikuwa unagonga zaidi yake, ikabidi ashike kifua kwa mkono mwingine ili aweze kusikia. Kisha, kutoka ndani, ngo. Kimya. Ngo, ngo. Kidogo sana, kama mgeni asiye na hakika kwamba amefika nyumba yenyewe.

"Yumo!" alipiga ukelele. "Yumo, wifi, yumo hai!"

Wakasimamisha ngazi ndefu. Wifi akaitazama, akajitazama, mwanamke wa kilo za kutosha.

"Mimi nanga," alisema. "Wewe tanga. Panda."

Bi Fundi alikuwa mtu ambaye akipanda kwenye kiti kubadilisha balbu hushika ukuta na kumtaja Mungu. Alijifunga kamba kiunoni, akavua kandambili, akapanda. Kila kipawa cha ngazi kilikuwa kimelowa na kuteleza kama samaki. Katikati, upepo ulipiga, ngazi ikajongea pembeni kidogo tu. Akakumbatia chuma, akafumba macho.

"Usitazame chini!" Wifi alilia kutoka chini. "Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi sijaandika wosia!"

Akapanda.

Juu, kitu cha kwanza kukutana na uso wake kilikuwa mwali. Alikuwa ameshika ukingo wa tangi kwa mizizi minene kama tambi mbichi, mweupe kupita picha, mvua inamtikisa na harufu yake tamu imejaa pale juu kama chumba cha bibi harusi. Bi Fundi hakumtazama. Alitazama ndani.

Chumvi alikuwa kwenye maji mpaka kifuani, amekumbatia bomba, mdomo umekuwa wa bluu. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma alichogongea. Dereva yule alikuwa amevuka nchi nzima kwa magurudumu, lakini kuogelea hajui hata kwa kusingizia. Aliinua macho, akamwona mkewe. Hakusema kitu.

"Sema neno," Bi Fundi alimwambia.

"Naogopa," Chumvi alisema.

Katika yote ya siku ile hilo ndilo lililomtisha kuliko mengine. Lakini pia lilimtia nguvu, kwa maana sasa palikuwa na watu wawili wanaoogopa, na mmoja wao lazima afanye kazi.

Wifi alikuwa ameifunga ngazi fupi kwenye kamba ya pili; Bi Fundi akaivuta, akaigeuza juu ya ukingo ili ining'inie ndani. Mahali pa kwanza alipoweka kamba, zege ikamong'onyoka kama biskuti na vipande vikaanguka majini. Akajaribu kando, vivyo hivyo. Ukingo mzima ulikuwa umeoza. Palipobaki imara ni pale tu mwali alipokuwa amefumbata zege kwa mizizi yake.

Chumvi aliona kamba inakokwenda. "Mama, si hapo," alisema kwa meno yanayogongana. "Utamkata. Hajawahi kuonekana mwingine."

"Baba, nyamaza, nitamkata yeye na ukoo wake wote."

Akailaza kamba juu ya ua. Chini, Wifi akafunga ncha yake nyuma ya gari, akafunga tena, na tena, kisha akarudi kuikalia ngazi ndefu. Ngazi fupi ikashuka ndani. Chumvi alipoweka uzito wake, kamba ikakaza na kuzama kwenye mizizi, na Bi Fundi akausikia ule mlio, laini, kama uzi unaokatika kwenye mshono. Mkia mweupe ukaanguka majini. Zege ikashika.

Chumvi alipanda kipawa kimoja, akapumzika. Cha pili mguu wa soksi ukateleza, akarudi majini mpaka shingoni, na Bi Fundi alipiga kelele ambayo hajawahi kuisikia ikitoka kwake. Akapanda tena. Mkono wake ulipofika ukingoni, mkewe aliukamata kwa mikono miwili, na tangu hapo mpaka chini hakukumbuka walivyoshuka.

Ndani ya gari walimfunga kwa turubai la mafundi lenye madoa ya rangi. Alikaa katikati yao, kimya, anatetemeka. Wifi aliwasha joto, akaendesha kuelekea zahanati, akifuta macho kwa kiatu cha kaka yake bila kujua.

"Kwa nini hukuandika 'nisaidieni'?" Bi Fundi aliuliza.

Chumvi alijivuta ndani ya turubai.

"Ngazi ilikatika nikiwa juu," alisema. "Kushuka siwezi, simu inakata moto, imebaki pumzi moja. Nikafikiri, nikiandika nisaidieni, watacheka. Niliandika hivyo kwa chatu. Nikiandika nakufa, watacheka zaidi." Akavuta pumzi. "Nikaona niandike kitu ambacho sijawahi kuandika. Nikasema, mmoja atashtuka. Kisha ukingo ukanitoka mkononi."

Wifi akatazama barabara. Bi Fundi akatazama mikono yake. Mume wake alikuwa amezungumza muda wote huo na hakuna mnyama hata mmoja aliyepita. Hofu, ambayo alidhani ameiacha kule kiwandani, ikaingia tena garini ikakaa naye. Aliona kama ametoa mtu majini na kumwacha mwingine mle ndani.

Zahanatini, muuguzi alimpima, akamfunika mablanketi, akachukua kalamu. Meno na Pasipoti waliingia wakati huohuo, wametota, magoti yamechubuka kwa miamba, wamesimama mlangoni bila kujua waitazame sakafu au kitanda.

"Tumezunguka kote," Meno alisema. "Shemeji, kila mahali."

"Najua," Bi Fundi alijibu. "Isipokuwa mahali pamoja."

Meno akainamisha kichwa. Baada ya kitambo akauliza, kwa aibu ya mtu asiyeweza kujizuia, "Na mwali?"

"Nimemkata."

Pasipoti alifumba macho kama aliyefiwa, kisha akayafumbua, akaenda kumshika Chumvi mguu juu ya blanketi. Siku za mbele angerudi kule na kupiga picha ya jani moja na kipande cha mzizi vilivyobaki ukingoni. Kama vitachipua au la, hakuna aliyejua.

"Haya, mzee," alisema muuguzi, "niambie. Umeumiaje?"

Chumvi alitazama dari. Alimtazama muuguzi, akamtazama mkewe. Bi Fundi aliacha kupumua.

"Mwanangu," Chumvi alianza, sauti imekwaruza, "mle ndani kulikuwa na mamba."

Wifi akasonya kwa nguvu. Meno akaziba mdomo. Muuguzi akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

Miaka yote Bi Fundi alikuwa mtu wa kusema, "Usimsikilize, dada." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye aproni, na alijikuta amesogeza kiti karibu na kitanda.

"Mkubwa kiasi gani?" aliuliza.

"Mama, alikuwa amevaa saa."

Mpaka leo, simu ikitetema juu ya meza ya kukatia, Bi Fundi hutoa pini mdomoni kwanza. Ndipo husoma, haraka haraka, moyo uko juu, akimtafuta mnyama. Akimpata, huzirudisha pini na kuendelea kushona.